Tundu la Wino

Kazi yangu ya kwanza mjini Kericho ilikuwa kuosha picha, na jambo la kwanza nililolijua kuhusu kazi hiyo ni kwamba inanuka. Kulikuwa na dawa moja ya kugeuza picha nyeusi ziwe na rangi ya udongo, jinsi wenye pesa walivyozipenda siku zile, na dawa hiyo ilinuka mayai yaliyooza. Harufu iliingia kwenye ngozi ya mikono ikakaa humo. Niliposonga ugali niliinusa kwenye mwiko. Nilipomnyonyesha binti yangu aligeuza uso kwanza, ndipo akanyonya kwa kuwa njaa ilimzidi.

Halafu kulikuwa na mende. Ule utando laini ulio juu ya filamu na vioo vya picha hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama iliyochemshwa, na mende wanaupenda kupita kiasi. Asubuhi tulifungua sanduku tukakuta bwana harusi ametafunwa shavu lote, bibi harusi mzima. Niliwaua kwa ndara, na maji yao meupe yakabaki sakafuni, na ndiyo sakafu hiyohiyo tuliyoipitia kwenda kulala, kwa sababu chumba chetu kilikuwa nyuma ya duka, mabati matupu, ukuta mmoja tu ukitutenga na chumba cha giza.

Duka lilikuwa la Mhindi mmoja tuliyemwita Tajiri. Mume wangu ndiye aliyekuwa fundi wake wa kurekebisha picha. Alikuwa mtu wa ziwani, mimi mtu wa milima ya magharibi. Tulijuana misheni, na kwa kuwa mimi sikujua lugha yao wala yeye yetu, nyumba yetu ilisema Kiswahili tangu siku ya kwanza. Alikuwa mtu mpole, mwenye vidole virefu. Alikaa dirishani na kioo cha picha mbele yake, penseli iliyochongwa kama sindano mkono mmoja, brashi ya nywele chache mkono wa pili, akaondoa makovu ya ndui, chunusi, makunyanzi, hata jicho lenye makengeza alijua kulinyoosha. Mimi sikuona ubaya. Mtu amevaa suti ya kuazima, amepaka mafuta, anataka awe mzuri mara moja maishani. Mwache awe mzuri.

Kaka yangu alikuwa ametutangulia kuja upande huu. Alikuwa mchochea moto katika kiwanda cha majani chai nje ya mji, kwenye njia ya kwenda Kapkatet. Kiwanda kile kiliendeshwa kwa mvuke, na mvuke ulitoka katika boila moja kubwa, pipa la chuma lililolala ubavu, refu kuliko chumba chetu. Kaka alisimama mbele ya mlango wake wa moto na koleo tangu asubuhi, akilisha kuni. Uso wake ulikuwa umekauka upande mmoja kwa joto.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri na majani yalikuwa mengi, na katikati ya mavuno boila ikapata ufa kwenye tumbo. Waliizima. Akaletwa mtu kutoka Nakuru akaulehemu ule ufa, akapiga nyundo, akapaka rangi, akaenda zake. Lakini watu wa bima walikataza moto usiwashwe mpaka ule mshono upigwe picha ya ndani, kwa miale, kama vile daktari anavyopiga picha mfupa uliovunjika. Ndipo akaja mkaguzi.

Alikuwa Mwingereza mwembamba, mkimya, na mashine yake ilikuja juu ya lori, imefunikwa turubai. Kiwandani hapakuwa na chumba cha giza, kwa hiyo picha zilipigwa kule zikaletwa kuoshwa kwetu. Siku aliyoingia uani mara ya kwanza nilimpa bakuli la maji anawe, nikaona vidole vyake. Vilikuwa vyekundu, vimepasukapasuka kama nyayo za mtu asiyevaa viatu. Kucha zilikuwa nyeusi na moja haikuwapo kabisa. Mume wangu aliniambia baadaye ni ile miale iliyomla, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Aliponirudishia bakuli nililishika ukingo wa pili kabisa, na nafikiri aliona.

Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa kuhusu maji.

"Maji hii chafu," alisema. "Lete ingine."

"Bwana, haya ndiyo maji ya mto."

"Mchanga kidogo nakaa juu ya picha, mimi nafikiri ni tundu ndani ya chuma. Chemsha. Chuja."

Nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa cha amerikani kilichokunjwa, na mle kitambaani nikaona tuliyokuwa tukiyanywa: tope, vipande vya majani, viluwiluwi vyekundu vyembamba kama uzi. Sikunywa maji siku hiyo hata koo likakauka.

Lakini mkaguzi hakuwa mtu mbaya wa kufanya naye kazi. Filamu ya kwanza ilipokauka aliibana kwenye kioo cha dirisha, akamwita mume wangu, na mimi aliponiona nimesimama mlangoni na ndoo hakunifukuza. Nilitazama. Nilitarajia kuona boila, lakini hapakuwa na boila. Palikuwa na kijivu kitupu, na katikati mstari mweupe mpana uliopinda kidogo. Ule mweupe ndio mshono, alisema, kwa sababu pale chuma ni kinene na miale haipiti vizuri. Kama ndani kuna ufa au povu, miale hupita kwa urahisi, na pale pataonekana peusi.

Kando ya mshono palikuwa na alama nyingine, kama kijiti kifupi chenye vitundu vyeusi vitatu, kikubwa, cha kati na kidogo kama ncha ya pini. Mkaguzi alitoa mfukoni kibati chenyewe akatuwekea mezani. Kilikuwa chembamba mno.

"Hii ni shahidi," alisema. "Kila picha, mimi naweka shahidi juu ya chuma. Kama hapa naona tundu ndogo, picha nasema kweli. Kama hapana ona tundu, picha ni bure. Ufa iko, hapana onekana. Unaelewa?"

Mume wangu alisema anaelewa. Mimi pia nilielewa, haikuwa jambo gumu. Picha ambayo haiwezi kukuonyesha kitu kidogo unachokijua, haiwezi kukuonyesha kitu kidogo usichokijua.

Picha nyingi zilitoka vizuri. Za chini ya tumbo, upande wa mlango wa moto, zilitoka na ukungu, na mkaguzi akasema zirudiwe. Kaka yangu ndiye aliyeingizwa ndani ya boila kubandika filamu, akitambaa kwenye kutu na magamba ya chokaa, na ndiye aliyeniambia habari za kule. Zile picha za marudio zilikuwa zikipigwa mkaguzi alipopata habari kutoka Londiani, kwamba kwenye kiwanda cha mbao kuna boila nyingine inamngoja na hawawezi kungoja zaidi. Ilibaki picha moja tu. Akaitega mwenyewe, akamwonyesha fundi mkuu wa kiwanda mashine iachwe ifanye kazi kwa muda gani, akamwambia asiupunguze hata kidogo, akaondoka.

Fundi mkuu huyo alikuwa Mzungu mnene, mwekundu, mwenye kutema mate kila alipomaliza sentensi. Alikuwa na mbwa aliyemfuata kila mahali, mbwa mwenye ugonjwa wa ngozi, na alimruhusu aingie hata chumba cha kusokotea majani. Majani yalikuwa yamejaa kule juu kwenye turubai za kunyaushia, ambako hulegea kabla ya kusokotwa, yameanza kuwa meusi, na meneja alikuwa akimpigia kelele asubuhi na jioni.

"Mkaguzi alipopotea kwenye kona," kaka aliniambia, "huyu akazima mashine. Hata nusu ya wakati haikufika. Akanipigia kelele nitoe filamu, nifunge mlango wa boila, maji yaanze kuingia."

Filamu ililetwa kwetu imefungwa kwenye karatasi nyeusi. Mume wangu na Tajiri waliiosha. Nilipoitundika ikauke niliona mara moja kwamba haifai. Ilikuwa hafifu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Mshono ulionekana kwa shida, na shahidi alikuwa kivuli tu, kibati bila tundu lolote ila lile kubwa, nalo kwa kubahatisha.

Alasiri ile fundi mkuu akaja dukani na mbwa wake. Tajiri alimwonyesha filamu dirishani.

"Hii mbaya, bwana," Tajiri alisema. "Tundu hapana. Mkaguzi atakataa."

"Boila nimejaza maji. Moto nitawasha."

"Lakini tundu hapana."

Fundi mkuu akamtazama mume wangu aliyekuwa ameketi mahali pake dirishani. "Huyu boi yako natoa ndui kwa uso ya watu," alisema. "Memsahib yangu alitoka hapa kama msichana. Basi aweke tundu. Mbili tu. Ndogo."

Tajiri aligeuka. Alichukua kitambaa akaenda mbele ya duka, akaanza kufuta vioo vya kabati ambavyo nilikuwa nimevifuta mimi mwenyewe asubuhi. Nilimwona mgongo. Alifuta mahali pamoja tu, pamoja tu, na mpaka leo nikikumbuka mgongo ule na kile kitambaa kikizunguka, mate hunijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Mume wangu aliniangalia mimi mlangoni. Kisha akatazama chini. Akafungua kichupa cha wino, akachovya brashi, na kama alivyozoea akaitia ncha midomoni akainyonya ili iwe kali. Akaweka nukta moja. Akainyonya tena, akaweka ya pili, ndogo kuliko ya kwanza. Alifanya kwa ustadi, na huo ustadi ndio ulionichukiza. Angalau mkono ungetetemeka. Alipoinua uso mdomo wake wa chini ulikuwa na alama nyeusi.

"Mzuri sana," alisema fundi mkuu, akampigapiga begani, akatema mate sakafuni. Mbwa wake alikuwa ameingiza mdomo katika ndoo yangu ya maji yaliyochujwa, anakunywa.

Jioni ililetwa nyama kutoka kwa fundi mkuu. Paja la kondoo, limefungwa kwenye gazeti, damu imepenya ikachafua habari zote. Mume wangu aliipika mwenyewe kwa sababu mimi nilikataa kuigusa. Mafuta yake yalikuwa mazito, ya manjano, yaliganda pembeni mwa sufuria kabla hata hajaanza kula.

"Kula, mama mtoto," alisema. "Tangu Krismasi hatujaona nyama."

"Siwezi."

"Ni tundu mbili tu. Picha nyingine zote ni nzuri. Huyu fundi aliyelehemu ni fundi wa kweli, upande mmoja ukiwa mzuri na mwingine utakuwa mzuri."

"Kaka yangu anasimama upande gani?"

Akatafuna.

"Nimekuuliza, baba mtoto. Anasimama upande gani wa boila?"

"Mbele ya mlango wa moto."

"Na hiyo picha ni ya wapi?"

Akakata kipande kingine. Mafuta yalikuwa yakimng'aa kidevuni. Nilimtazama mtu niliyempenda, baba wa mtoto wangu, nikaona kidevu tu na mafuta. Nikatoka nikakaa uani na mtoto mgongoni mpaka sufuria ikawa tupu.

Kulipokucha nilikwenda kiwandani kwa miguu. Nilimkuta kaka akiwasha moto wa kupasha boila polepole. Hawakuthubutu kuuweka mkali kabla mkaguzi hajarudi na kusema sawa. Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa ameegemea koleo.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza.

"Ondoka hapo."

"Nikiondoka atasimama mwingine. Huyo mwingine hana dada?" Akatupa kuni moja ndani. "Na wewe ukisema, mume wako atafukuzwa. Wewe pia. Fikiria kwanza."

Nilifikiri njia nzima ya kurudi. Sitajifanya kwamba nilikuwa jasiri. Nilichokuwa nacho hakikuwa ujasiri, kilikuwa kichefuchefu. Nilikuwa kama mtu aliyemeza nzi, hana nafasi ya kufikiria adabu, anataka tu nzi atoke.

Mkaguzi alirudi kutoka Londiani ametapakaa matope, akaja moja kwa moja dukani. Tajiri akamtolea filamu. Mume wangu alikuwa mahali pake dirishani, na mimi nilikuwa nimesimama palepale mlangoni na ndoo. Mkaguzi aliibana filamu kwenye kioo, akaisogelea, akakunja uso.

"Picha hafifu," alisema. Akasogea zaidi. "Lakini tundu naona. Moja, mbili, tatu. Ajabu." Akatikisa kichwa kama mtu asiyeamini bahati yake. "Basi. Kama tundu iko, iko."

"Hilo tundu ni la wino, bwana," nilisema.

Aligeuka. Tajiri akasema haraka, "Huyu mama hapana jua kitu, bwana, huyu ni wa kuosha tu."

"Ni la wino," nilisema tena. "Mawili yote madogo. Pangusa, utaona."

Mkaguzi alichukua pamba, akaichovya katika ndoo yangu, akapangusa kwenye filamu kwa kile kidole kisicho na ukucha. Tundu dogo likaondoka. Akapangusa tena, na la kati likaondoka. Pamba ilibaki na weusi kidogo. Aliitazama hiyo pamba kwa muda mrefu kuliko alivyotazama filamu.

"Nani?" aliuliza.

Nilikuwa nimesema niliyotaka kusema, na jina la mume wangu lilikataa kutoka. Tajiri naye alikuwa anatazama vioo vyake. Ndipo nikasikia kiti kikisogea.

"Ni mimi, bwana," alisema mume wangu. "Fundi mkuu alisema niweke, nikaweka."

Mkaguzi akaenda kiwandani. Yaliyotokea kule niliyapata kwa kaka. Fundi mkuu alisimama mbele ya watu wote akasema hajui habari ya wino wowote. Kwamba ni yule boi wa duka la picha aliyeharibu filamu kwenye dawa, akaogopa, akajichorea matundu. Alisema bila kupepesa jicho, akatema mate. Na kaka, aliyeona mashine ikizimwa kabla ya wakati, alisema alivyoona, lakini hakuna aliyegeuza hata shingo kumtazama.

Lakini kuhusu chuma mkaguzi hakukubali kubembelezwa. Moto ulitolewa. Boila ikaachwa ipoe, ikamwagwa maji, kaka akaingizwa tena tumboni mwake na filamu mpya. Safari hii mkaguzi aliketi mwenyewe kando ya mashine mpaka mwisho, na nyuma ya filamu aliweka bamba la risasi ili miale isirudi ikatia ukungu, akaikausha sehemu yote kwa vitambaa kwanza. Filamu akaiosha mwenyewe pia, kwenye maji niliyoyachuja mara mbili.

Ilikuwa picha safi. Hata mimi niliyekuwa na hasira niliona usafi wake. Ilikuwa nyeusi ya kutosha, kingo zake kali, na matundu matatu ya shahidi yamekaa wazi kabisa. Na katikati ya mshono, pale palipokuwa maziwa matupu, palikuwa na mstari mweusi mwembamba ulioyumbayumba, na kando yake vijipovu vingi vimekusanyika, kama mayai ya inzi kwenye nyama. Nje, ule mshono ulikuwa laini, umepakwa rangi. Ndani ulikuwa umeoza.

Mume wangu aliitazama, kisha akaketi sakafuni, si kwenye kiti.

Nilimuuliza mkaguzi, "Na fundi mkuu, bwana, atafanywa nini?"

Alikuwa akizifunga filamu zake. "Mimi napiga picha ya chuma," alisema. "Hapana piga picha ya mtu."

Nilikuwa nimeanza kumheshimu mtu yule. Alijua vizuri nani aliyezima mashine. Picha yenyewe ilimwambia, kwa maana filamu iliyoharibiwa na dawa haifanani na filamu iliyonyimwa muda, na yeye ndiye aliyetufundisha hivyo. Lakini alifunga sanduku lake, akavaa kofia, akaenda klabu kula na fundi mkuu huyohuyo. Kaka aliwaona wakipanda gari moja. Baada ya muda fundi mkuu alihamishiwa shamba jingine lenye nyumba kubwa zaidi, na mbwa wake.

Boila ilikatwa mshono na kulehemiwa upya, na kwa muda huo wote majani yaliyokuwa juu yaliharibika. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kunusa majani chai yaliyooza. Watu hudhani yatanuka chai. Yananuka kama zizi lililofungwa, tamu na chachu pamoja, na yakishikwa yanateleza kama utumbo. Wanawake wa kambi ya wafanyakazi waliitwa kuyatoa kwa vikapu na kuyatupa bondeni, na mimi nilikwenda pia, kwa sababu Tajiri alikuwa ametufukuza na tulikuwa tumejibanza kwenye chumba cha kaka. Maji meusi yalitiririka kutoka kwenye vikapu yakatuingia shingoni na kifuani. Minyoo myeupe ilikuwa ikitembea humo.

"Ni wewe uliyetuletea uvundo huu," mwanamke mmoja aliniambia, mtu wa ziwani, jirani wa kaka. "Mume wangu amekaa bila kazi kwa sababu ya mdomo wako."

Wengine waliguna. Hakuna aliyenitetea na sikujitetea. Ningewaambia nini? Kwamba mahali fulani kwenye filamu kuna mstari mwembamba? Hawakuuona. Walichokiona ni majani yaliyooza na sufuria tupu.

Kaka alikuwa akishuka bondeni na kikapu chake nyuma yangu. Tulipofika chini tukamwaga, akajipangusa uso kwa mkono, akazidi kujipaka.

"Mkaguzi alinionyesha," alisema. "Nilimuuliza, akanibandikia dirishani. Mstari uko usawa wa kiuno changu."

Hakusema asante, na sikuingojea. Alinichukulia kikapu changu akakipandisha pamoja na chake.

Mimi na mume wangu tulihamia Kapkatet mwezi uliofuata. Kulikuwa na soko dogo pale, na mwenye duka mmoja alikuwa na cherehani barazani isiyo na fundi. Vidole vilivyoweza kushika brashi ya nywele chache vilijifunza sindano upesi. Tulipanda mahindi na viazi nyuma ya nyumba. Harufu ya mayai yaliyooza ilinitoka mikononi, na binti yangu akaacha kugeuza uso.

Lakini kwa miezi mingi sikuweza kula sahani moja na mume wangu. Nilimpakulia, nikaenda kula jikoni. Yeye hakulalamika. Siku moja aliniuliza, "Bado unanichukia?" nikamwambia ukweli, kwamba sikumchukia hata siku moja, alinitia kinyaa tu, na kinyaa hakisikii maneno. Chuki ningeweza kuizungumza ikaisha. Kinyaa kilikuwa kooni, nikimwona anatafuna kinapanda.

Kiliisha polepole, bila mimi kujua siku yenyewe. Nakumbuka tu mchana mmoja wa mvua, hakuna mteja, yeye yuko barazani anashona kola ya shati, mimi nachambua maharagwe karibu na miguu yake kwa sababu ndani kulikuwa kunavuja.

"Ungeniambia kwanza," alisema bila kuinua macho, "kabla ya kumwambia yule Mzungu."

"Nilikuambia. Hukusikia."

"Nilisikia." Alikata uzi kwa meno. "Nilisikia usiku kucha. Ndiyo maana alipouliza nani, nilisimama."

Niliendelea na maharagwe yangu. Mvua ilipiga mabati, na upande wa pili wa barabara mtu alikuwa anavuta ng'ombe aliyekataa kwenda. Baada ya kitambo nikamwambia kwamba gauni la mtoto limembana makwapani, na kama kuna kipande cha kitambaa kimebaki amshonee jingine. Akasema kipo cha buluu. Akaniambia nimlete mtoto ampime.